Fizi za mzee na kumbukumbu yake: kipi kinatangulia?

Oktoba 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walitoa matokeo ya picha za ubongo za watu wazima 1,143 wenye wastani wa miaka 77. Waliokuwa na ugonjwa wa fizi walionekana kuwa na madoa mengi zaidi, yaani alama za sehemu zilizoumia, kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, ile yenye nyuzi zinazopitisha taarifa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Habari za namna hii zikifika kwenye makundi ya WhatsApp ya familia huwa zimeshavaa nguo nyingine: mswaki unazuia kusahau, sukutua hiki upone kile, bibi amesahau majina ya wajukuu kwa sababu hakutunza meno. Utafiti wenyewe ulisema mambo mawili kwa pamoja. Nafasi ya mwenye fizi mbovu kuangukia kwenye kundi lenye madoa mengi kabisa ilikuwa kubwa kwa asilimia 56. Na madoa yenyewe yalichukua asilimia 2.83 ya ubongo kwa wenye ugonjwa, asilimia 2.52 kwa wasio nao. Namba ya kwanza inatisha, ya pili inatuliza, na zote zimetoka kwa watu walewale. Isitoshe, fizi na ubongo vilipimwa mara moja tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa picha hizo kipi kilianza.

Msimamo wangu ni kwamba uhusiano upo, ila tunausoma upande mmoja. Kila mtu anauliza fizi zinaufanyia nini ubongo. Wachache wanauliza ubongo unaochoka unakifanyia nini kinywa, na kwa maoni yangu huko ndiko ushahidi ulikoshika zaidi, tena ndiko kwenye kazi inayoweza kufanywa leo na familia inayomtunza mzee nyumbani, bila kusubiri dawa yoyote kutoka ng'ambo.

Tuanze kinywani, maana hata neno "ugonjwa wa fizi" linachanganya watu. Jino lenye afya limezungukwa na ufizi uliolishika vizuri, ukiacha kijishimo cha milimita 1 hadi 3. Ukoga ni utando laini wa bakteria unaonata kwenye jino. Usipoondolewa, ndani ya siku chache huanza kunyonya madini ya mate na kugeuka ugaga, mgumu kama saruji, ambao hakuna mswaki unaouondoa. Fizi huvimba na kutoka damu. Hapo bado ni uvimbe wa juu, na usafi mzuri wa wiki chache huweza kuumaliza wote. Ukiachwa kwa miaka, kwa baadhi ya watu kijishimo kinazama hadi milimita 4, 5, hata 7, kinakuwa mfuko, na mfupa unaoshika jino unaliwa pole pole. Mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Tafiti za ubongo huzungumzia zaidi hatua hii ya pili, ambayo daktari wa meno huipima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, sehemu sita kwa kila jino. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa takriban asilimia 98 ya watu wazima. Kama kila tone la damu kwenye mswaki lingekuwa dalili ya ubongo kuharibika, nchi nzima ingekuwa imeshasahau njia ya kurudi nyumbani. Wavutaji sigara nao wana mtego wao: tumbaku hupunguza damu kwenye mishipa midogo ya fizi, kwa hiyo hazitoki damu sana, mtu anajiona mzima huku mfupa ukiisha chini.

Kwamba uchafu wa kinywa unaweza kufika mbali mwilini, hilo halina ubishi mkubwa. Ukuta wa ndani wa mfuko wa fizi ni kidonda kisichoonekana. Mtu akitafuna au akipiga mswaki, bakteria huingia kwenye damu kwa dakika kadhaa. Mwili nao hujibu kwa uvimbe wa muda mrefu unaopimika kwenye damu. Bakteria aliyevuma zaidi ni Porphyromonas gingivalis. Januari 2019 jarida la Science Advances lilichapisha kazi ya watafiti wa kampuni ya Cortexyme ya California na wenzao: katika ubongo wa marehemu waliokuwa na Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu taratibu, zaidi ya asilimia 90 ya sampuli zilikuwa na gingipaini, vimeng'enya ambavyo bakteria huyo hutumia kuyeyusha protini. Panya walioambukizwa kupitia kinywa walikutwa na bakteria huyo kwenye ubongo. Vichwa vya habari vikasema chanzo cha Alzheimer kimepatikana. Ndani ya makala hiyohiyo, hata hivyo, ubongo wa watu ambao hawakuwa na ugonjwa nao ulikutwa na alama hizo, kwa kiwango cha chini. Waandishi walieleza kwamba huenda hao walikuwa njiani kuugua. Huenda. Lakini ubongo wa mgonjwa ni nyumba iliyong'oka komeo, na kumkuta mgeni sebuleni hakuthibitishi kwamba yeye ndiye aliyeling'oa.

Dhana hiyo ilipimwa, na hilo ni la kupongezwa, kwa sababu nadharia nyingi za Alzheimer hufa bila kupimwa. Dawa iliyotengenezwa kuzuia gingipaini ilijaribiwa kwa wagonjwa 643 wa hatua ya mwanzo na ya kati, kwa wiki 48. Oktoba 2021 majibu yalitoka: kwa ujumla, waliomeza dawa hawakuwa na nafuu kuliko waliomeza kidonge kitupu, si katika vipimo vya kumbukumbu wala katika kujimudu kila siku. Tatizo la ini lilikuwa limeshawafanya wadhibiti wa dawa wa Marekani wasimamishe sehemu ya kazi hiyo mwezi Februari mwaka huohuo, na Januari 2022 wakaisimamisha yote. Kampuni ikabadili jina na mwelekeo. Kilichobaki ni kundi moja ndani ya jaribio: waliokuwa na vinasaba vya bakteria huyo kwenye mate na kupewa dozi kubwa, miligramu 80 mara mbili kwa siku, walishuka polepole zaidi kwenye kipimo kimoja cha akili, tofauti ya asilimia 57. Kwa uzi huo kampuni nyingine, Lighthouse, inajaribu dawa ya kizazi kinachofuata kwa wagonjwa wenye bakteria huyo tu. Ni haki yao. Ila kundi dogo ndani ya jaribio lililoshindwa linatoa swali zuri la kuuliza tena; bado si jibu.

Hoja yenye uzito zaidi upande wa wanaosema fizi zinatangulia ni ile ya muda. Huko Taiwan, kumbukumbu za bima ya afya za watu 9,291 wenye ugonjwa sugu wa fizi zililinganishwa na za watu 18,672 wasio nao. Walioishi na ugonjwa huo kwa miaka 10 walikuwa na hatari ya Alzheimer kubwa mara 1.7. Muda mrefu namna hiyo ni vigumu kuueleza kwa kusema tu kwamba mtu alianza kusahau ndipo akaacha mswaki. Ni vigumu, lakini inawezekana, kwa sababu mabadiliko ya Alzheimer huanza kwenye ubongo miaka mingi kabla familia haijaona chochote. Watafiti wa Finland waliokusanya tafiti 47 mwaka 2022 walikuta uwezekano wa dimenshia (kupotea kwa kumbukumbu na akili, ambako Alzheimer ndiyo chanzo chake kikuu) ukiwa juu kwa asilimia 21 kwa wenye afya mbovu ya fizi na meno, kisha wao wenyewe wakaonya kwamba sehemu ya namba hiyo inaweza kuwa inatoka upande wa pili. Mwaka huohuo, Greifswald, Ujerumani, picha za ubongo za watu waliotibiwa fizi zilionyesha kusinyaa kidogo zaidi katika maeneo yanayoguswa na Alzheimer. Matokeo mazuri, ila wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Na anayekwenda kutibiwa fizi kwa hiari yake, mara nyingi ndiye huyohuyo anayemeza dawa za presha kwa wakati na kutembea asubuhi.

Hapa ndipo penye utata halisi, na hapahitaji bakteria kupanda ubongoni. Kisukari huharibu fizi, na kisukari huharibu mishipa ya ubongo. Sigara vivyo hivyo. Aliyekosa shule ana hatari kubwa zaidi ya dimenshia, na kwa kawaida ndiye aliyekosa pia daktari wa meno. Kuna na jambo ambalo silisikii likitajwa kwenye mijadala hii: vidonge. Amitriptilini inayoandikwa kwa maumivu ya mishipa au usingizi, klorfeniramini ya mafua inayonunuliwa duka lolote la dawa, dawa za kibofu kama oksibutinini: zote hukausha mate, na mate ndiyo maji ya kusafisha kinywa mchana kutwa. Dawa hizohizo, kwa mzee, huleta ukungu kichwani. Kidonge kimoja kinamkausha kinywa na kumfanya asahau, halafu mtafiti anakuja kuhesabu meno na kumbukumbu na kukuta vimekwenda pamoja. Nifedipini na amlodipini za presha zina kisa chao, maana kwa baadhi ya watu fizi hukua na kufunika meno, ukoga ukajificha chini yake. Fenitoini ya kifafa hufanya hivyo zaidi. Dawa ya presha isiachwe kwa sababu hiyo, kwani presha yenyewe ni adui mkubwa wa ubongo. Inabadilishwa na daktari, na mara nyingi usafi mkali wa kinywa unatosha kupunguza uvimbe.

Sasa upande wa pili. Kupiga mswaki kunaonekana kitu kidogo kwa sababu tulijifunza utotoni. Kivunje vipande: kukumbuka kwamba ni wakati wake, kuutambua mswaki kati ya vitu vilivyo kwenye kikombe, kufungua dawa, kukadiria kiasi, kufuata mpangilio wa juu na chini, ndani na nje, bila kuruka, kutema badala ya kumeza, na kuendelea ingawa inachosha. Mpango wa hatua saba au nane namna hiyo ni mojawapo ya vitu ambavyo dimenshia hushambulia mapema, kabla mzee hajapotea njia ya sokoni. Huanza kupiga mswaki meno ya mbele tu, yale anayoyaona kwenye kioo. Meno ya chini upande wa ulimi, karibu na mlango wa tezi za mate, hujaa ugaga ndani ya miezi. Baadaye husema ameshapiga mswaki, na hasemi uongo: anakumbuka jana, au mwaka juzi. Anayemtunza anaona mswaki umelowa, anaridhika.

Maumivu nayo hubadilika sura. Mzee asiyeweza kusema "gego la chini kushoto linauma" atakataa ugali na kupokea uji. Atashika shavu, atavua meno ya bandia na kuyaficha chini ya mto, atampiga anayemlisha, atakosa usingizi. Nyumbani wanasema ugonjwa wa akili umezidi. Kituoni anaandikiwa dawa ya kumtuliza, na kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hukausha kinywa, mambo yanaharibika zaidi. Jipu la fizi au jino lililooza linaweza kumfanya mzee achanganyikiwe ghafla kwa siku chache, na ghafla hiyo ndiyo alama ya kutofautisha, kwa sababu Alzheimer haiji kwa siku tatu.

Wanaopuuza suala zima wana hoja mbili dhaifu. Moja inasema dawa ilishindwa, kwa hiyo fizi hazina uhusiano. Jaribio lile lilipima kama kuzuia kimeng'enya kimoja cha bakteria mmoja kunasaidia mtu ambaye ubongo wake umeshaumia. Halikupima kama kutunza fizi toka umri wa miaka 40 kunasaidia. Nyingine ni ya kwetu: kwamba kusahau huku ni ugonjwa wa Wazungu, wazee wetu walitumia mswaki wa mti wakafa na akili zao timamu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kuwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walipolinganisha umri walipata dimenshia kwa asilimia 6.4, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Kilichokosekana kilikuwa jina la ugonjwa. Mswaki wa mti wenyewe sina ugomvi nao. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza tangu 1986. Unafanya kazi ukitafunwa ncha hadi nyuzi zilainike, ncha hiyo ikakatwa na kutafunwa upya kila siku chache, na ukapelekwa kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Hasara yake ni mahali usipofika kirahisi, nyuma ya magego na upande wa ulimi, na mkono mzito unaosugua kwa kwenda na kurudi hadi fizi zikashuka na mizizi kubaki wazi.

Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 iliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani: presha, kisukari, sigara, usikivu hafifu, macho yasiyotibiwa, upweke na mengine. Fizi hazimo. Nadhani ni sahihi zisiwemo bado. Lakini tazama kisukari kilichomo: kutibu ugonjwa wa fizi kwa mwenye kisukari hushusha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwa takriban pointi 0.4 baada ya miezi mitatu hadi minne. Huo ni msaada unaokaribia wa kuongeza kidonge kimoja. Anayetaka sababu ya kitabibu ya kwenda kukwanguliwa ugaga ameipata, na hajahitaji kuahidiwa chochote kuhusu kumbukumbu. Kliniki zetu za kisukari hukagua miguu na macho. Dakika mbili za kukagua fizi zingeongezwa hapo, faida yake isingesubiri utafiti mwingine.

Wengi hukwepa kukwanguliwa kwa sababu ya imani kwamba kunalegeza meno. Chanzo chake kinaeleweka. Ugaga mwingi huyafunga meno yaliyokwisha kulegea kama zege lililofunga matofali mabovu. Ukiondolewa, mgonjwa anahisi ulegevu uliokuwepo siku zote, na mizizi iliyo wazi inasisimka kwa maji ya baridi kwa wiki kadhaa. Asipoelezwa kabla, harudi tena. Baada ya wiki 6 hadi 8 mifuko hupimwa upya, iliyobaki na kina husafishwa tena, kisha ukaguzi wa kila miezi mitatu kwa mwenye ugonjwa mkubwa. Kusukutua maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, hutuliza kidonda cha juu lakini hakuingii kwenye mfuko wa milimita 6. Klorheksidini, dawa ya kusukutua, ya asilimia 0.2 hutumika mililita 10 kila mara, kwa wiki mbili hivi, ikizidi hapo meno hubadilika rangi kuwa kahawia na ladha ya chakula kupotea. Mkaa wa kusaga unakwangua jino na kuuacha ugaga palepale. Na kung'oa kila jino linalotoka damu, jambo linalofanyika sana kwa sababu ni nafuu, kunamwacha mzee bila cha kutafunia. Katika uchambuzi wa tafiti 14 uliofanywa na watafiti wa New York mwaka 2021, waliopoteza meno walikuwa na hatari ya dimenshia kubwa mara 1.28, na hatari hiyo haikuonekana wazi kwa waliopata meno ya bandia. Huenda ni kwa sababu wanakula nyama, maharage na matunda, na hawaoni haya kukaa na watu.

Kwa mzee aliyekwisha kupoteza mpangilio, kazi inahamia kwa anayemtunza. Akae wima kwenye kiti, asilale chali, maana atapaliwa. Asimamiwe kwa pembeni na nyuma kidogo, kidevu kikishikwa kwa kiganja. Kumjia usoni na kitu mkononi kunamtisha. Mswaki laini wa kichwa kidogo, dawa kiasi cha punje ya njegere au pungufu kwa anayepaliwa, yenye floridi ya 1,000 hadi 1,500 ppm kama inavyosomeka kwenye boksi. Nywele za mswaki zielekee kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa mshazari, mizunguko midogo, ukianzia upande wa ulimi wa meno ya chini kwa sababu uvumilivu wake utaisha kabla hujamaliza. Mpe mswaki wa pili aushike mwenyewe. Mkono wenye kazi haupigi. Kidole kisiingizwe katikati ya meno, hata kikiwa kimeviringishwa kitambaa. Damu ikitoka siku za kwanza usiache, kwa kuwa kuacha ndiko kunakoizidisha. Wakati bora ni ule anapokuwa ametulia, hata kama ni saa nne asubuhi badala ya usiku. Mara moja iliyofanywa vizuri inazidi mara mbili za kugombana.

Meno ya bandia huvuliwa kila usiku, husuguliwa kwa mswaki wake na sabuni juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, na huachwa kwenye maji ya kawaida, kamwe si ya moto, yanayoyapinda. Japani, kati ya watu 524 wenye miaka 85 na zaidi, waliolala nayo mdomoni walipata nimonia mara 2.3 zaidi ya waliovua. Kabla ya kumrudisha kituoni mzee aliyeanza kukataa chakula wiki hii, yavue, inua ulimi, vuta shavu kwa kijiko, na mulika kwa tochi ya simu: tafuta uvimbe wenye kichwa cheupe kwenye ufizi, jino lililovunjika linalochana ulimi, chakula cha juzi kilichoganda chini ya bati la meno ya bandia. Chukua na mfuko wa vidonge vyake vyote, pamoja na vile vya mafua, umwonyeshe daktari.